Kuitembea Old Louisville kwa Miguu: Anza Paani, Malizia Kichochoroni

Kila nikipata mgeni kutoka nyumbani, awe wa Mombasa, wa Bujumbura au wa Uvira, namwacha alale siku ya kwanza, na siku ya pili namtembeza Old Louisville. Mtaa huu uko kusini mwa katikati ya jiji la Louisville, jimbo la Kentucky, Marekani. Una bloku zipatazo 48, yaani vipande vya mtaa vilivyokatwa na barabara, zenye nyumba ambazo nyingi zilijengwa miaka ya mwisho ya enzi za Malkia Victoria: matofali mekundu ya kuchoma, mawe ya chokaa yaliyochongwa, vimnara vya pembeni, vioo vya rangi, na baraza pana mbele. Tangu 1975 umo kwenye orodha ya taifa ya maeneo ya kihistoria.

Wageni wengi hupiga picha kumi za nyumba kwa mbele, wakaondoka wakisema wameona. Mimi nasema bado. Nyumba hizi zina uso na zina mgongo, na nusu ya habari zake iko mgongoni, kwenye vichochoro ambako hakuna basi la watalii linalopita. Nimeupanga mwongozo huu ili usiikose nusu hiyo.

Nimekulia Mji wa Kale wa Mombasa, ndani ya nyumba ya mawe na chokaa, kwa hiyo macho yangu hukimbilia ukutani kabla ya kuangalia mapambo. Mtanisamehe nikikaa sana kwenye habari ya chokaa.

Kabla ya kutoka

Ukiweza kuchagua msimu, njoo kati ya katikati ya Novemba na mwanzo wa Machi. Watu watakushangaa, kwa maana baridi ipo kweli, lakini miti imepukutika na ndipo mapaa yanapoonekana. Kiangazi miti mikubwa hufunika kila kitu kuanzia ghorofa ya pili kwenda juu, na joto lake lina unyevu kama la Mombasa mwezi wa Machi. Aprili ni mwezi wa maua, nao ni mzuri. Mwanzoni mwa Oktoba kuna maonyesho makubwa ya sanaa ya St. James Court, yanayofanyika tangu 1957. Ukija siku hizo utaona sanaa nyingi na watu wengi, ila nyumba zimezibwa na mahema. Jumamosi ya kwanza ya Mei ni mbio za farasi za Kentucky Derby, na bei za hoteli hupanda jiji zima.

Vaa viatu vya kutembelea. Njia za miguu hapa ni za matofali na mawe ya zamani, na mizizi imeziinua sehemu nyingi. Tenga saa nne. Toka saa tatu asubuhi, kwa sababu barabara kuu za hapa zinakwenda kaskazini hadi kusini, na jua la asubuhi linazipiga nyumba za upande wa magharibi usoni kabisa. Upande wa mashariki utaupata jioni.

Jambo jingine: humu wanaishi watu. Piga picha ukiwa njiani, usipande ngazi za mtu, wala usichungulie dirishani. Mtu aliyekaa barazani akikusalimia, simama umwitikie. Watu wa hapa wana salamu, na mara nyingi salamu hiyo ndiyo inayokufungulia habari za nyumba.

Hatua ya 1: Anza na baiskeli nyekundu

Usianzie ndani ya mtaa wenyewe. Anzia nje kidogo, upande wa kaskazini, 824 South Fourth Street, kwenye jengo la Columbia ambalo sasa ni la Chuo Kikuu cha Spalding. Oktoba 1954 mvulana wa miaka 12 alifika hapa na baiskeli yake mpya, akaiacha nje, ikaibwa. Alikwenda kumshtakia polisi mmoja, Joe Martin, aliyekuwa akifundisha ndondi kwenye chumba cha chini cha jengo hilohilo, akamwambia atampiga mwizi. Martin akamshauri ajifunze kupigana kwanza. Mvulana huyo ndiye Muhammad Ali, ambaye miaka 20 baadaye alisimama ulingoni Kinshasa. Baiskeli nyekundu imewekwa juu ya mlango kwa kumbukumbu. Wageni wangu kutoka Kongo hunyamaza kidogo wakifika hapa.

Halafu geuka utazame upande wa pili wa barabara, namba 851. Hilo ni jumba la Tompkins-Buchanan la mwaka 1871, lililochorwa na msanifu Henry Whitestone. Litazame vizuri, maana ndilo somo lako la kwanza.

Hatua ya 2: Jifunze kusoma paa

Majina ya mitindo yasikutishe. Unahitaji kuangalia mahali pawili tu: paa linakutanaje na ukuta, na madirisha yana umbo gani. Ukishika hayo, utaweza kukisia umri wa nyumba ukiwa ng'ambo ya barabara.

Jumba la 1871 ni la mtindo wa Kiitalia. Paa ni la mlalo, halionekani sana, na chini ya ukingo wake kuna mikono ya mapambo iliyopangwa kama vile imelibeba. Madirisha ni marefu na membamba, na kila moja lina kitu kama nyusi juu yake. Ukiona nyusi na mikono, fikiria miaka ya 1860 na 1870, wakati fulani hadi 1880.

Ukiona paa ambalo pande zake zimesimama karibu wima kama kofia iliyovutwa chini, tena lina madirisha ndani yake, huo ni mtindo wa Kifaransa wa zamani hizohizo. Faida yake ni kwamba dari yote inakuwa ghorofa kamili ya kuishi.

Kisha Queen Anne, ambao kwangu ndio utamu wa mtaa huu. Hapa hakuna upande unaofanana na mwenzake: kimnara kona moja, dirisha lililotokeza kama tumbo kona nyingine, baraza limezunguka, ukuta wa matofali chini na vibao vilivyokatwa kama magamba ya samaki juu. Ni wa miaka ya 1880 na 1890. Kulikuwa na sababu ya fujo hiyo nzuri. Mashine za mvuke zilikuwa zimeanza kuchonga mbao za mapambo kwa wingi, reli zikazileta hadi mlangoni, na pesa zilikuwepo: za tumbaku, za wiski, za ngozi, za reli yenyewe. Mfanyabiashara aliweza kuchagua pambo kwenye katalogi.

Ukuta mzito wa mawe yaliyoachwa na sura ya kuvunjwavunjwa, pamoja na matao ya mviringo yanayoinama chini chini, huo unaitwa Kirumi wa Richardson, kwa jina la msanifu Henry Hobson Richardson. Na ukikuta nyumba ya mawe meupe, nguzo zimepangwa sawasawa, kushoto kwake ni kama kulia kwake, hiyo imejengwa baada ya maonyesho ya dunia ya Chicago ya 1893, yaliyowarudisha matajiri kwenye mambo ya Ugiriki na Roma.

Sasa shuka Fourth Street kuelekea kusini. Ukivuka Kentucky Street umeingia Old Louisville. Pita St. Catherine, Oak na Ormsby. Utakuta majengo ya ghorofa ya miaka ya karibuni yamekaa katikati ya nyumba kongwe kama meno ya bandia. Kila moja lilikalia kiwanja cha nyumba iliyobomolewa. Jaribu kukisia miaka ya nyumba unazopita kabla ya kusoma kibao. Ukiwa na watoto, wape kazi ya kutafuta jiwe la kupandia gari la farasi. Liko ukingoni mwa barabara, limechongwa kama ngazi moja au mbili, na mengine bado yana jina la familia.

Hatua ya 3: Simama ndani ya Central Park uifikirie taa

Ukifika Park Avenue, bustani iko upande wako wa kulia. Tafuta benchi. Ulipokaa ndiko mtaa wote ulikoanzia.

Tarehe 1 Agosti 1883, Rais Chester A. Arthur alifungua hapa maonyesho makubwa yaliyoitwa Southern Exposition. Jengo lake la mbao lilifunika kama ekari 13, na maonyesho yakaendelea kila mwaka hadi 1887. Kilichowashangaza watu ni taa 4,600 za umeme za Thomas Edison, zilizowashwa pamoja usiku. Wengi waliokuja walikuwa hawajawahi kuiona hata moja. Edison mwenyewe aliwahi kuishi Louisville akiwa kijana, mwaka 1866, akifanya kazi ya kupokea na kutuma simu za waya.

Tramu zilileta watu hadi hapa, na waliokuja kutazama taa wakaviona viwanja. Jengo la maonyesho lilibomolewa mwaka 1889, na mwaka uliofuata kampuni moja ya ardhi ilianza kupima viwanja juu ya eneo hilohilo. Ilijiita Victoria Land Company, na mitaa yake ikaipa majina ya London: St. James, Belgravia. Bustani yenyewe ilikuwa shamba la familia ya du Pont. Jiji lililinunua mwaka 1904, na mpango wake ukachorwa na Olmsted Brothers, kampuni ya wasanifu wa bustani. Kiangazi huchezwa tamthilia za Shakespeare hapa jioni, bure. Beba mkeka.

Kona ya Sixth na Park kuna mti wenye mafundo mafundo uliotundikwa shanga na vikorokoro. Wanauita mti wa wachawi. Hadithi yake inasema mti wa kwanza ulikatwa, wachawi wakakasirika, wakaleta kimbunga cha 27 Machi 1890. Kimbunga hicho kilikuwepo kweli na kiliua watu wengi jijini. Watoto huupenda mti huo. Waambie wasichukue kitu.

Hatua ya 4: Ingia nyumba moja, iwe Conrad-Caldwell

Vuka Magnolia Avenue. Ile ngome ya mawe iliyo pembeni, 1402 St. James Court, ilijengwa kati ya 1893 na 1895 kwa ajili ya Theophilus Conrad, mhamiaji kutoka Ufaransa aliyetajirika kwa kazi ya kutengeneza ngozi. Wasanifu walikuwa Clarke na Loomis. Baadaye ilikaliwa na familia ya Caldwell, kisha ikawa makazi ya wazee, na sasa ni makumbusho. Angalia saa za ziara siku moja kabla, kwa sababu ndani unaingia na mwongozaji.

Kabla ya kuingia, kaa nje dakika kumi. Karibia ukuta mpaka uone mikono ya mchongaji: majani yanajikunja, sura za viumbe zinatokeza kwenye pembe, na hakuna jani linalofanana kabisa na jirani yake. Jiwe ni la chokaa, laini kuchonga likitoka machimboni, na hugangamaa likipigwa na hewa. Sisi wa pwani tunaijua tabia hiyo kwenye mawe yetu ya matumbawe.

Ukiwa ndani, utaonyeshwa mbao za aina mbalimbali sakafuni, vioo vya rangi, na ngazi kuu inayopanda kama ya ikulu. Vitazame vyote, ni vizuri. Kisha muulize mwongozaji swali moja: watumishi walipita wapi? Katika nyumba za namna hii palikuwa na ngazi ya pili upande wa jikoni, nyembamba na ya giza. Linganisha upana wa ngazi mbili hizo. Jibu lake utalihitaji kwenye hatua ya 6.

Hatua ya 5: St. James Court na Belgravia, taratibu

Shuka St. James Court. Katikati kuna ukanda wa majani na chemchemi. Maonyesho ya sanaa niliyoyataja yalianza wakazi walipokuwa wakitafuta pesa za kuitengeneza chemchemi hii. Taa za St. James Court ni za gesi, na zinawaka hadi leo. Nikifika hapa jioni huwa nawaza: ardhi hii ndiyo iliyong'aa kwa umeme wa Edison mwaka 1883, na waliokuja kuishi juu yake wakachagua moto mdogo wa gesi.

Utaona jumba la waridi upande mmoja. Kila mtu hulipiga picha, nawe lipige uendelee.

Belgravia Court inakata kushoto na kulia. Geuka. Hapa hakuna barabara ya magari mbele ya nyumba. Kuna njia ya miguu tu, majani, na safu mbili za nyumba zinazotazamana; magari hupita nyuma. Sauti inabadilika mara moja, unasikia viatu vyako. Mimi hukumbuka vichochoro vya nyumbani, ambako mtu aliye barazani anaweza kuzungumza na wa baraza la mbele bila kupaza sauti.

Na hapahapa Belgravia ndipo mtaa ulipookolewa, kwa hiyo kaa kidogo nikueleze. Magari yalipokuja, matajiri walihamia vilima vya mashariki. Januari 1937 mto Ohio ulifurika na kuzamisha sehemu kubwa ya jiji, na wengi zaidi wakaenda kutafuta miinuko. Majumba yakagawanywa vyumba vya kupangisha: ukuta wa mbao nyembamba katikati ya sebule, jiko dogo chini ya ngazi, familia sita palipokuwa na moja. Kufikia miaka ya 1960 mabuldoza yalikuwa yakibomoa mitaa ya zamani jijini kwa jina la maendeleo, na hata jina Old Louisville ni la wakati huo. Awali paliitwa Southern Extension. Ndipo watu wachache wakajichanga, wakanunua nyumba kadhaa hapa Belgravia na St. James, wakazitengeneza moja baada ya nyingine ili majirani waone inawezekana. Miaka ya 1970 ikaja sheria ya jiji: ukitaka kubadilisha sura ya nje ya nyumba yako humu, uombe kibali kwa tume ya majengo ya kihistoria.

Hatua ya 6: Ingia kichochoroni

Hatua hii ndiyo iliyonifanya niandike. Toka Belgravia kwa nyuma, uingie kichochoro chochote kinachopita kati ya migongo ya nyumba. Nenda mchana, nenda mkiwa wawili au zaidi, na mpishe gari likija.

Mara moja mapambo yanakwisha. Ukuta wa mbele ulikuwa wa mawe yaliyochongwa; wa nyuma ni matofali ya bei nafuu, madirisha ni ya kawaida. Tazama majengo madogo ya ghorofa moja juu ya nyingine yaliyopakana na kichochoro. Yalikuwa mabanda ya magari ya farasi. Mlango mpana wa chini ulikuwa wa gari na farasi. Juu utaona mlango mwingine unaofungukia hewani, bila ngazi, na boriti imetokeza juu yake: ndipo walipovutia nyasi kavu kwa kamba. Na pembeni ya mlango huo kuna kidirisha kimoja au viwili. Alilala mtu pale.

Inama pia utazame chini ya kuta za nyumba kubwa. Kuna milango midogo ya chuma, ya kiasi cha kupitisha karai, ambamo makaa ya mawe yalimwagwa hadi chumba cha chini. Nyumba ya vyumba 15 yenye moto kila chumba ilihitaji mtu wa kuamka saa kumi alfajiri kubeba makaa juu na majivu chini, majira yote ya baridi.

Wengi wa waliofanya kazi hizo walikuwa Waamerika Weusi: wapishi, madobi, yaya, waendesha farasi. Utumwa ulikuwa umekwisha Kentucky Desemba 1865, yaani hawa walikuwa watu huru wanaolipwa ujira, na baadhi yao walikuwa wamezaliwa utumwani. Mwaka 1914 jiji la Louisville lilitunga sheria iliyomkataza mtu Mweusi kuhamia bloku yenye Wazungu wengi zaidi. Sheria hiyohiyo ilimruhusu kukaa humo akiwa mtumishi. Angeweza kulala kwenye chumba cha juu ya banda la farasi, nyuma ya nyumba. Kununua nyumba ya mbele, hapana. William Warley, kiongozi hapa Louisville wa NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, akapanga na Mzungu mmoja muuza kiwanja, Charles Buchanan, kesi ya kuijaribu sheria hiyo, na mwezi Novemba 1917 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaibatilisha, katika kesi ya Buchanan dhidi ya Warley. Kesi hiyo husomwa katika vyuo vya sheria nchi nzima.

Ukiwa na nusu saa ya ziada, tembea magharibi na kaskazini hadi kona ya Seventh na Kentucky, uone Chuo cha Simmons, kilichoanza 1879 kwa ajili ya Weusi na bado kinafundisha. Watoto wa vichochoro walikuwa na mahali pa kwenda.

Hatua ya 7: Soma chokaa iliyo kati ya matofali

Urudi barabarani, usogee karibu na ukuta wowote wa matofali ulio kando ya njia. Usiukwaruze, si wako. Angalia tu mistari iliyo kati ya tofali na tofali.

Mstari mwembamba, mweupe au wa rangi ya mchanga, umeliwa kidogo na mvua: hiyo ni chokaa, na ukuta una afya. Mstari mpana wa kijivu, mgumu, umepakwa hadi juu ya kingo za tofali: hiyo ni saruji ya fundi wa baadaye. Sasa tazama matofali yaliyo jirani na saruji hiyo. Mara nyingi utakuta nyuso zake zimebanduka, ndani ni mekundu na ya unga, na vipande vimelala chini.

Kinachotokea ni hiki. Tofali la zamani ni laini na hunywa maji. Ukuta wa chokaa unapolowa, maji hutoka polepole kupitia ile mistari, kwa sababu chokaa inapumua na ni laini kuliko tofali. Kitu kikiharibika, ni chokaa, na chokaa huwekwa upya. Ukiziba mistari kwa saruji, maji hayana njia ila kupitia tofali lenyewe. Baridi ya Januari ikija, maji hayo huganda, hutanuka, na kuutupa uso wa tofali nje. Tofali likishapoteza ile ngozi iliyoungua tanurini, haliponi.

Nilipoelezwa habari hii hapa nilicheka kwa uchungu, kwa kuwa nyumbani tunafanya kosa hilohilo: ukuta wa matumbawe na chokaa uliokaa miaka 200 unapigwa lipu ya saruji, chumvi na maji vinabaki ndani, na baada ya miaka michache lipu inadondoka na kipande cha ukuta. Hapa adui ni barafu, kwetu ni chumvi. Mwenye nyumba ya zamani Lamu, Unguja au Mombasa anayesoma hapa, tafadhali, mwambie fundi akupe chokaa.

Kuta zingine hapa zina matofali yenye sura ya sifongo, yenye vishimo kila mahali. Hizo zilisafishwa kwa kupulizwa mchanga ili zirudishe wekundu. Kwa mwaka mmoja zilipendeza.

Hatua ya 8: Maliza na Third Street

Kata hadi Third Street na upande nayo kaskazini. Palikuwa pa mamilionea, nayo inaonyesha. Namba 1310 ni jumba la Ferguson, la mwaka 1905, sasa makao ya Filson Historical Society, wanaotunza nyaraka za Kentucky. Ni mfano wako bora wa majumba ya baada ya maonyesho ya Chicago. Kufikia hapa utakuwa umechoka na njaa. Migahawa iko karibu na Oak Street.

Kwa unayetaka kupanga chumba humu

Wenzetu wengi kutoka Kongo, Burundi na kwingineko wamehamia Louisville, na vyumba vya nyumba kongwe huvutia: dari ni ndefu, madirisha makubwa, karibu na chuo na basi. Nami nilianzia hapo. Nieleze yaliyonipata.

Dirisha la chumba cha watoto lilikuwa la kupandisha na kushusha, lenye kamba na uzito wa chuma ndani ya fremu. Kila tulipolifungua, vumbi jeupe jembamba lilibaki kizingitini. Mwanangu wa pili, mwenye mwaka mmoja na nusu, alipenda kusimama pale, kidevu juu ya kizingiti, akitazama magari. Alipopimwa damu kwenye kliniki, risasi ilikutwa juu ya kiwango. Namaanisha madini ya risasi, yaliyokuwa kwenye rangi za zamani. Mwenye nyumba alikuwa amepaka rangi mpya juu ya ile inayobanduka, bila kutuambia neno. Nilijilaumu sana, kwa sababu sikujua hata kwamba nilikuwa na haki ya kuambiwa. Jua wewe.

Rangi yenye risasi ilipigwa marufuku majumbani mwaka 1978. Nyumba yoyote ya kabla ya hapo, na humu ni karibu zote, sheria ya taifa inamlazimu mwenye nyumba akupe fomu ya kueleza anachojua kuhusu rangi hiyo, pamoja na kijitabu, kabla hujatia saini mkataba. Asipokupa, omba. Asipotaka kutoa, tafuta nyumba nyingine.

Siku ya kutazama chumba, fungua na ufunge kila dirisha mara mbili, kisha pitisha kidole kizingitini. Pale rangi inaposuguana ndipo vumbi hutoka. Angalia rangi iliyopasuka kama ngozi ya mamba kwenye milango, fremu na nguzo za baraza. Udongo ulio chini ya kuta nao huwa na risasi iliyodondoka miaka mingi, basi mtoto asichezee hapo, na viatu vivuliwe mlangoni, kama tulivyozoea.

Ukiwa tayari unaishi humo, usifagie vizingiti vikavu. Pangusa kwa kitambaa chenye maji na sabuni, suuza, kisha kitupe kitambaa. Usikwangue rangi mwenyewe. Fundi anayelipwa kwa kazi hiyo kwenye nyumba hizi anatakiwa awe na cheti. Watoto walio chini ya miaka sita wapimwe risasi kwenye damu. Omba kipimo chenyewe kwa jina, daktari asipokumbuka. Kiwango cha kuchukua hatua kwa sasa ni mikrogramu 3.5 kwa desilita. Walishe vyakula vyenye madini ya chuma na kalisi, kama maharage, mchicha, dagaa na maziwa, kwa sababu mwili wenye njaa ya madini hayo hufyonza risasi zaidi. Maji ya kupikia yachote kwenye bomba la baridi.

Mwisho, muulize mpangaji wa sasa, akiwa peke yake, bili ya gesi ya Januari ilikuwa kiasi gani. Dari ndefu zinazokufurahisha Mei zina gharama yake, na ni heri kuijua kabla ya saini kuliko kuisoma kwenye barua.